Kasino Mbele ya Duka la Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa mbili asubuhi, na saa tatu nimekabidhiwa kasino. Mkuu wa idara yetu ya mipango miji ameweka faili mezani kwangu, akaligonga kwa kidole. "Mpima, mkoa mzima utapata kasino moja tu, na imeamuliwa ijengwe mji huu. Wewe utuambie ijengwe wapi. Una muda mpaka mvua ziishe."

Viwanja ni vitatu. Cha kwanza kiko kilimani, juu ya bwawa la maji. Cha pili ni kiwanda cha matofali kilichofungwa, kando ya reli. Cha tatu ni uwanja mtupu ulio ubavuni mwa stendi ya mabasi. Kila kiwanja kina fomu yake yenye vipengele vitano: wingi wa watu, barabara, umeme, maji ya mvua na majirani. Kila kipengele kina alama kumi. Kitakachopata alama nyingi ndicho kitakachopelekwa kwenye kikao.

Hayo nimeyaandika kama mtumishi mwadilifu wa umma. Sasa niandike lililonikaba. Uwanja ule wa stendi unatazamana na duka la mdogo wangu, fundi wa mafriji. Katikati yao kuna mtaa na mfereji tu. Na mdogo wangu ana miaka miwili na miezi minne hajagusa kamari.

Jumatano, 6 Machi

Mvua kutwa. Viatu vyangu vimekula matope hadi vimebadilika rangi. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Nieleze mara moja, nisirudie. Zilikuwa mashine za kamari, zile zenye taa, zilizowekwa chumba cha nyuma cha baa moja. Mdogo wangu alianza kwa mchezo. Ukaenda mshahara, zikaenda zana zake za kazi, ikaenda pikipiki aliyoacha marehemu baba. Mwisho ikaenda cherehani ya mama. Aliibeba siku mama alipokwenda kliniki ya macho. Kulikuwa na gauni la mteja limeshonwa nusu. Alilitoa chini ya sindano, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Mama aliporudi alililia gauni lile kuliko cherehani yenyewe. Alisema, mtoto aliyekunja nguo namna hii bado yumo ndani ya yule mtu, ila sijui nimtoe vipi.

Alitoka mwenyewe. Alikwenda kwa washauri nasaha, akaanza upya na bisibisi ya kuazima. Sasa tunaishi wote watatu nyumba moja. Mama ana cherehani nyingine, lakini inakaa chumbani kwake, na ufunguo wa chumba anauvaa shingoni. Hakuna anayeuzungumzia ufunguo huo. Tunauona, tunatazama kwingine.

Jumatatu, 11 Machi

Tumepanda kilimani. Dereva wetu tunamwita Breki kwa kejeli, maana ni kitu ambacho hakitumii. Leo amezitumia zote na gari bado likateleza kinyumenyume. Tulikuwa na wakala wa mwekezaji, bwana mmoja mrefu ambaye nimempa jina la Bwana Tai, kwa kuwa ameivaa tai yake hata kwenye tope. Aliposhuka kuangalia mandhari alikaa chini bila kupenda. Alipoinuka alisema, "Kusema kweli, mandhari ni mazuri."

Barabara nimeipa alama mbili, na hapo nimeionea huruma. Kilima kimejitoa chenyewe.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya tatu kwenye kiwanda cha matofali. Kazi yenyewe ni ya kukalia kiti na kubonyeza kidude cha kuhesabia: akipita mtu, unabonyeza, namba inaongezeka moja. Leo wamepita mia nane. Mmoja wao alikuwa mbuzi, nimemtoa.

Kusema kweli kiwanja ni kizuri. Umeme mkubwa upo, mifereji ya zege ipo, reli iko hapo hapo. Kinachokosekana ni watu. Nilijikuta nawaombea wapite. Nilikaa pale na kidude changu, mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita, nikisema kimoyomoyo: piteni jamani, piteni.

Jumanne, 19 Machi

Stendi. Mvua kubwa, ya kupiga mabati mpaka watu wanazungumza kwa mikono. Breki yuko geti la juu, mimi geti la chini. Watu hawakatiki. Kidole gumba kimevimba.

Saa nne mdogo wangu alivuka mtaa akaniletea chai kwenye kikombe chenye mfuniko. "Dada, leo mmekuja kuhesabu nini?"

"Watu."

"Wa nini?"

"Wa mipango," nikasema, nikanywa chai ya moto kwa pupa ili nisiongeze neno. Nimeungua ulimi. Nilistahili.

Jumatano, 20 Machi

Elfu kumi na nne mia mbili na kumi kwa siku moja. Bwana Tai alikuja kuangalia namba akafurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume na wa kike kwa mpigo. "Biashara yetu inafuata miguu, mama. Hapa miguu ipo." Nilitaka kumchukia nikashindwa. Ni mtu mstaarabu, aliuliza kidole changu kinaendeleaje. Breki naye ameshaanza kuota kazi ya kuendesha wageni, na wauza chakula wa stendi wanauliza ujenzi utaanza lini. Hawana kosa. Mji huu una vijana wengi waliokaa vibarazani wakisubiri kitu chochote kijengwe popote.

Ijumaa, 22 Machi

Nimejumlisha. Kilima ishirini na nne. Kiwanda thelathini na nane. Stendi arobaini na moja.

Nimejumlisha tena. Hesabu ni kaidi.

Jumatatu, 25 Machi

Nimefanya kitu.

Kwenye fomu ya stendi, kipengele cha maji ya mvua, palikuwa na saba. Nimepafanya tatu. Sasa stendi ina thelathini na saba, na kiwanda kinaongoza kwa alama moja. Nimetumia kalamu ile ile. Nilijiambia kwamba mtaa wa chini umefurika kweli, kila mtu anaona, na tatu si uongo mkubwa. Halafu nikafunga faili, nikaenda dirishani, nikasimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mvua.

Miaka ishirini na moja nimepima viwanja vya watu. Nimekataa bahasha, nimekataa kuku, nimetukanwa na matajiri kwa sababu ya nusu mita. Leo nimeiba alama nne. Nilipofika nyumbani sikuweza kumtazama mama usoni, na mama, ambaye macho yake ni mabovu, aliniuliza naumwa nini.

Faili linatakiwa kwa Mkuu Jumatatu ijayo.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Nilipitia dukani kwa mdogo wangu mchana kuchukua jagi la umeme la mama. Alikuwa amelala chini nyuma ya friji kubwa, miguu tu inaonekana. Nilisimama mlangoni nikitazama umati unavyomiminika kwenye geti la stendi, nikasema, nusu nikijisemea, "Hii stendi ina watu, loo."

Akajibu kutoka chini, "Si watu wa stendi hao."

"Ni wa nini?"

"Wanakwepa maji. Mfereji wa mtaa wa chini umeziba tangu wiki ya kwanza ya mvua, njia haipitiki. Mji mzima unakatiza humu, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Wanaingia geti la chini, wanatokea geti la juu. Kiangazi huoni hata nusu yao."

Mimi nilikuwa geti la chini, Breki geti la juu. Kila aliyekatiza tulimhesabu wote wawili, mmoja akiingia, mwingine akitoka. Na wengi wao hata hawakuwa na safari ya stendi. Kosa la kitoto, na tumelifanya siku tatu mfululizo huku tumekaa kwenye viti vya serikali. Nikaanza kucheka. Kumbe sikuhitaji kuiba! Namba zenyewe zilikuwa na kasoro, nikizirekebisha stendi itashuka yenyewe.

Furaha ile ndiyo iliyonifungua mdomo. Nilisema, "Basi usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Haitajengwa hapa. Na hata kabla ya hili nilikuwa nimeshalimaliza."

Akatoka nyuma ya friji taratibu, akakaa sakafuni. "Kasino?"

"Umejuaje?"

"Breki aliniambia wiki iliyopita. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe." Akapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Umelimaliza vipi?"

Nikamwambia. Saba kuwa tatu. Nilimwambia kwa sauti ya dada mkubwa aliyekuokolea kitu, sauti ile ya 'nimekufichia nyama'. Nilitegemea nini, sijui. Pengine shukrani.

Alikikunja kile kitambaa, akakiweka juu ya friji. Kisha akasema, "Miaka miwili na zaidi napita mbele ya baa ile kila siku, dada. Kila siku. Kuna njia nyingine ya kuja dukani na siipiti. Unajua kwa nini? Kwa sababu nataka niwe mtu anayepita. Wewe unataka kuuhamisha mji ili mimi nisijikwae."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unanipima. Ukaona nitapata sifuri, ukanirekebishia na mimi alama."

"Usinibadilikie," nikasema kwa ukali, kwa sababu lilikuwa limenichoma. "Nani alikuja kukutoa kule chumba cha nyuma mara ngapi? Nani alimnunulia mama cherehani?"

Lilishanitoka. Aliinuka, akanipa jagi, akaunganisha waya kunionyesha kwamba linachemsha. Hata kwenye hasira yake alitaka nione kazi imekamilika. Halafu akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele, "Ukimwaga unga kwa ajili yangu, hilo nitalibeba vipi? Pikipiki nimeibeba. Cherehani ninaibeba mpaka leo. Hili usinitwike."

Nimetembea kwenye mvua na jagi mkononi mpaka nyumbani. Nililia, ndiyo, na mvua ilinisaidia mtaani. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu alikuwa na haki. Nimemjua kama mgonjwa kwa muda mrefu hivi kwamba sikuona siku alipopona, na amepona mbele ya macho yangu, meza moja, chai moja.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimepiga moyo konde, nikaingia kwa Mkuu na fomu zote. Nikasema matatu: kwamba nina ndugu wa damu mkabala na kiwanja, kwamba nimebadilisha saba kuwa tatu, na kwamba hesabu ya watu ina kosa, nikamchorea na mageti. Kwenye fomu nilikuwa nimeshairudisha saba yangu na kuisaini kando.

Mkuu alivua miwani. Alitazama kalenda kuhakikisha ni tarehe moja Aprili, akanitazama mimi, akaona si utani.

"Hili la tatu," akasema, "ungekuja nalo peke yake, ningekupongeza."

"Najua, Mkuu."

"Na watu wangesema umelitunga kwa ajili ya ndugu yako."

"Nalo najua."

"Ungeniambia siku ya kwanza, mama, ningekupa upimaji wa makaburi na tungekuwa sote na amani." Akavaa miwani tena. Nimetolewa kwenye kazi ya kasino. Nitapewa barua ya onyo. Mfereji utazibuliwa, na hesabu itarudiwa na Breki pamoja na karani wa masijala, kila atakayepita ahesabiwe mara moja tu. Nilipofika mlangoni aliniita. "Mpima. Hiyo saba ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi."

"Haya. Nenda makaburini."

Jumatano, 3 Aprili

Makaburi. Wakazi wake hawabishani mipaka.

Jumatatu, 8 Aprili

Mdogo wangu ananisalimia, anakula, anaosha sahani yake, anaondoka. Salamu zake zina adabu mno. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 12 Aprili

Mama ameuliza tena naumwa nini, na leo nimemwambia kila kitu. Alisikiliza huku akipapasa kingo za meza. Nilidhani atanisema. Badala yake alisema, "Mwanangu, mbona hata mimi niko kama wewe? Wewe umeficha kwenye fomu, mimi nimening'iniza shingoni."

Mdogo wangu alipoingia jioni alimwita kutoka chumbani. "Njoo unibebee cherehani yangu. Huku ndani hakuna mwanga, nashona kama kipofu. Ihamishie sebuleni, pale dirishani."

Alisimama mlangoni mwa chumba kile bila kuvuka kizingiti. Mama akarudia, sasa kwa sauti ya kuagiza, "Ni nzito, na mimi sina mgongo. Beba."

Akaibeba. Aliitua dirishani taratibu, akaisogeza kidogo kulia, kidogo kushoto, akauliza kama mwanga unatosha. Kisha akaleta mafuta ya mashine, akapiga magoti, akaanza kuitia mafuta mahali ambapo hapakuhitaji mafuta. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Mama alijitia hamnazo, akawa anatunga uzi na kukosea tundu, anatunga na kukosea. Nikamtungia. Ufunguo umewekwa juu ya kabati, pamoja na vibiriti.

Jumatatu, 15 Aprili

Ameniambia, "Dada, chumvi." Niliruka kumpa hadi nikaimwaga. Tumecheka.

Jumatatu, 22 Aprili

Mfereji umezibuliwa wiki iliyopita. Wametoa humo hadi mlango wa gari. Mvua zimepungua, mtaa wa chini unapitika. Leo Breki na karani wameanza kuhesabu. Breki anasema karani ni mkali, hamruhusu hata kwenda kukojoa.

Mimi niko makaburini nikijifunza subira. Najua kwamba namba zitashuka. Sitaki kuandika ninavyotumaini, lakini shajara ni yangu na kalamu ni yangu: natumaini zishuke sana.

Jumatatu, 29 Aprili

Zimeshuka. Hazikushuka vya kutosha.

Watu elfu saba na mia tisa kwa siku. Kwa jedwali letu hiyo ni alama nane badala ya kumi. Stendi thelathini na tisa, kiwanda thelathini na nane. Alama moja. Laiti ningeiacha ile tatu yangu!

Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma, na sitaifuta, ila siitaki tena.

Nilitoka kazini moja kwa moja hadi dukani, kabla Breki hajanitangulia. Safari hii alisikia kutoka kwangu. "Ni hapa," nikasema. "Kwa alama moja. Na alama ni za kweli."

Alikuwa anajaza gesi kwenye friji dogo la duka la dawa. Hakuacha, alisubiri mshale utulie, akafunga koki. Akatazama nje, ng'ambo ya mtaa, kwenye uwanja wenye majani mabichi ya mvua.

"Wataanza lini?"

"Kiangazi. Kujenga mwaka mmoja na nusu."

"Watakuwa na mafriji mengi," akasema.

Sikujua nicheke au nilie. "Unaweza kuhama," nikasema, kisha nikajikamata. "Ukitaka. Sijasema uhame."

"Sihami. Wateja wangu wananijulia hapa." Akachomoa mpira wa gesi. "Asante kwa kuniambia."

Ijumaa, 3 Mei

Bwana Tai ameingia dukani kwake, na tai yake, akamweleza kwamba kasino itahitaji fundi wa kudumu wa vipoza hewa na mafriji, na kwamba amesikia sifa zake. Kazi ya ndani, sare, bima. Mdogo wangu ametusimulia mezani akiwa anamenya chungwa.

"Ukasemaje?" Mama aliuliza. Mimi nilijiuma ulimi nisiulize.

"Nimemwambia mafriji yake akiyaleta dukani kwangu nitayatengeneza kama ya mtu mwingine yeyote. Ndani siingii. Akasema ni kazi tu ya ufundi. Nikamwambia, kaka, mimi najijua." Akatugawia chungwa, vipande sawasawa. "Hakubisha. Amesema ataleta."

Jumanne, 7 Mei

Jua kutwa. Barua ya onyo imefika, ina kosa la tahajia katika jina la idara. Nimeisaini.

Ijumaa, 10 Mei

Mkuu amesema mvua zimekwisha rasmi, kama vile yeye ndiye mwenye nazo, na amenirudisha kwenye viwanja vya walio hai.

Leo asubuhi mdogo wangu alinifuata hadi mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Dada, unatoka kazini saa ngapi siku hizi?"

"Saa kumi na nusu."

Akainama kufunga kamba, akawa anazungumza na kiatu. "Unaweza kunipitia? Tufunge duka pamoja, turudi wote. Si kila siku. Au hata kila siku." Kamba ikamshinda, akaanza upya. "Si kwamba siwezi kupita peke yangu. Ninaweza. Ila lile jengo likishawaka taa, ziko jioni nitataka kuwa na mtu. Bora tuanze kuzoea sasa hivi, wakati bado ni majani."

Miezi miwili na zaidi nilikuwa nimekesha nikitafuta namna ya kumlinda bila kumuuliza. Kumbe ilitosha kungoja aniombe. Nilitaka kumwambia maneno mengi. Nikasema, "Nitafika kumi na moja kasoro."

Nilifika kumi na dakika arobaini. Alikuwa hajamaliza, nikakaa kwenye ndoo nikamshikia tochi. Alipovuta mlango wa chuma chini tulivuka mtaa bila kushauriana, tukapita katikati ya uwanja wenyewe, kwenye majani, tukipiga soga kuhusu mama na wateja wake wasioridhika hata gauni likiwakaa vizuri. Katikati ya uwanja alisimama akageuka, akatazama duka lake kutoka upande ule, na kibao chake cha bluu.

"Linaonekana vizuri ukiwa hapa," akasema.

"Linaonekana."

Tukaendelea na safari. Kwenye kona aliniuliza, "Na kesho?" na mimi nikamjibu kwamba kesho ni Jumamosi, natoka kazini saa sita, kwa hiyo yeye ndiye atakayenipitia mimi.